Kufunga Kuna Kufungua, Kumwaga Hakuna

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumepewa ukurasa huu tuandike juu ya lugha. Tunajua wengine watasema: tena sarufi? Si watoto wanaisoma darasani, sisi watu wazima itatusaidia nini? Tunaomba mtuvumilie kidogo. Sarufi tunayotaka kuzungumza leo iko kwenye mlango wa nyumba yako, iko kwenye ndoo ya maji kichwani mwa binti yako, na iko pia kwenye ile karatasi ambayo siku moja utaombwa uweke dole gumba chini yake.

Tuanze na mlango. Usiku unaufunga, asubuhi unaufungua. Hebu tazameni hayo maneno mawili: funga, fungua. Ni neno moja, ila la pili limeongezewa kamkia kadogo mwishoni, na kale kamkia kamegeuza kazi yote. Mihogo unaianika juani, mvua ikitishia unaianua. Kuni mwenzako anakutwika, ukifika nyumbani unazitua. Nyumba unaiezeka, upepo mkali unaiezua. Shimo linafukiwa, kesho linafukuliwa. Mtego unategwa, unateguliwa. Sahani unaifunika ili nzi wasiingie, mgeni akifika unaifunua. Nguo unavaa, nguo unavua. Mwiba umekuchoma mguuni, unauchomoa. Mkia huo wakati mwingine ni -ua, wakati mwingine ni -oa, kufuatana na sauti ya neno lenyewe, lakini kazi yake ni ileile: kurudisha nyuma kitendo kilichofanyika.

Vitabu vya sarufi vinaiita kauli ya kutendua. Yaani kuna kutenda, halafu kuna kutendua. Sisi tunaona ni jina zuri kabisa, kwa sababu hata mtu ambaye hakukanyaga shule anaelewa: ulichokitenda, unakitendua.

Na siyo Kiswahili peke yake. Sisi wenye asili ya Kongo wengi tunasema «fungula mlango», mkia ukiwa na l yake ya zamani ambayo Kiswahili cha pwani kiliiangusha. Wanaosema Kilingala wana kozipa, kufunika, na kozipola, kufunua. Ndugu zetu Warundi wana kwugara, kufunga, na kwugurura, kufungua. Wana kuboha, kumfunga mtu kamba, na kubohora, kumfungua. Hapo tucheke kidogo: Mrundi akikukaribisha gufungura, usikimbilie mlango. Anakukaribisha kula! Wakongo wengi wapya hapa kambini wamekosa chakula cha bure kwa kutojua hilo.

Basi lugha zetu hizi ni ndugu, na zote zilikuwa na imani moja kwamba mambo mengi ya dunia yanaweza kufunguliwa baada ya kufungwa. Mambo mengi, lakini siyo yote.

MANENO YANAYOKATAA MKIA

Tulipofundisha somo hili darasani tuliandika ubaoni vitenzi kumi na vitano, tukawaambia watoto waviongezee mkia wa kutendua. Walianza vizuri, kunja, kunjua, ziba, zibua, bandika, bandua. Halafu wakafika kwenye mwaga. Mmoja akaandika «mwagua». Wengine wakaandika «vunjua», «pikua ugali», «zaua mtoto». Darasa zima likaangua kicheko, na sisi tukacheka nao, maana picha ya ugali unaorudi kuwa unga na maji siyo ya kila siku.

Lakini kwa nini tunacheka? Kwa sababu sikio la mtoto, hata wa darasa la tano, linajua tayari kwamba hakuna kitu kama hicho. Lugha imekataa kutengeneza neno ambalo kazi yake haipo duniani. Maji ukiyamwaga, hakuna kumwagua. Chungu kikivunjika, hakuna kukivunjua. Unaweza kuunganisha vigae kwa gundi, lakini hicho ni kitendo kingine na kina jina lake. Ng'ombe aliyechinjwa, mtoto aliyezaliwa, chakula kilichoiva, maziwa yaliyochacha, nyama iliyooza, neno lililosemwa: vyote hivi havina mkia.

Na kuna neno moja linatuonyesha mipaka hiyo waziwazi kuliko yote. Ni choma. Tumesema mwiba ukikuchoma unauchomoa. Sasa chukua choma nyingine, ile ya moto. Nyumba ikichomwa, je, inachomolewa? Sauti ni ileile, herufi ni zilezile, lakini choma ya mwiba ina njia ya kurudi na choma ya moto haina. Tulipofika hapo darasa lilinyamaza kidogo. Kati ya watoto wetu wapo wanaoijua choma ya pili kwa macho yao, tukaona heri tusikae sana juu ya mfano huo.

Mjihadhari pia na mikia ya uongo. Siyo kila neno linaloishia -ua ni la kutendua. Kununua hakutendui kitu. Kuchukua vilevile, kuchagua vilevile. Kuna unga, kama kuunga kamba mbili ziwe moja. Mwanafunzi mmoja akatuandikia kwamba vita «viliungua familia yetu», akitaka kusema viliitenganisha. Kwa Kiswahili kuungua ni kuliwa na moto. Tulimsahihisha kwa kalamu nyekundu, ila tukabaki tunaitazama ile sentensi muda mrefu. Kuna pia umba. Mungu ameumba, ukisema kuumbua hujasema kurudisha kiumbe kuwa udongo, umesema kumwaibisha mtu mbele ya watu. Lugha imelikopa lile umbo la kutendua na kulipa kazi nyingine kabisa, kwa sababu kazi ya kwanza hakuna binadamu anayeiweza.

Mtoto mwingine akauliza swali ambalo hatukulitegemea. «Mwalimu, kuua ni kutendua kwa nini?» Alikuwa ameona kwamba neno lenyewe ni mkia mtupu, -ua peke yake, bila mwili. Tulimweleza ukweli wake: hapo sauti zimefanana tu. Kuua linatokana na neno la kale la Kibantu lenye umbo kama bulaga, na Wasukuma wa hapa Tanzania mpaka leo wanasema kubulaga. Kiswahili kilipoteza sauti za katikati, kikabaki na ua. Kwa hiyo kwa sarufi halina uhusiano na kutendua. Lakini swali la mtoto lilikuwa zuri na tulimpigia makofi.

KUFUNGUA SIYO KURUDISHA

Hapa tunataka kusema jambo ambalo vitabu vya sarufi havilisemi. Hata yale maneno yenye mkia hayarudishi kila kitu. Mwiba umechomolewa, sawa, lakini tundu limebaki na unachechemea siku mbili. Sweta ikifumuliwa uzi unarudi mkononi, lakini umejikunja, haulali tena kama uzi mpya. Mstari wa mgao ukipanguliwa na watu wakapangwa upya, yule aliyekuwa wa kumi anaweza kujikuta wa mia. Na kaburi linaweza kufukuliwa. Wapo ndugu zetu ambao baada ya miaka walikwenda kufukua mifupa ya wazazi wao waliozikwa haraka njiani, wakaizika tena kwa heshima. Kilichofukuliwa ni udongo. Kufa hakuna mkia.

Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto kwamba fungua ni kinyume cha funga, tunamfundisha ukweli wa neno, na ukweli wa jambo ataujifunza mwenyewe.

Wazee wetu walijua hili, ndiyo maana walipotaka kusema juu ya jambo lisilorudi hawakuhangaika kutafuta mkia. Walitumia njia nyingine ya lugha: walikichukua kitendo, wakakivika -ika au -eka mwishoni, kisha wakakikanusha. Maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema «hakuna mtu wa kuyazoa». Walisema hayazoleki, yaani hata waje watu mia na vikombe, maji yenyewe yamekataa. Ndivyo tunavyosema doa lisilofutika, kosa lisilorekebishika, deni lisilolipika. Ukisikia umbo hilo, simama. Mtu anakuambia kwamba tatizo haliko kwa mfanyaji, liko kwenye jambo lenyewe.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanachanganya, na mchanganyiko huo unaumiza familia. Yapo mambo yasiyorudi kwa sababu ya maumbile, kama kifo, kama kuzaa. Na yapo mambo ambayo hayarudi kwa sababu mtu mwenye madaraka alisema yasirudi. Haya ya pili yana maneno yake. Kughairi ni kwako wewe mwenyewe, kabla hujafanya au kabla mambo hayajakwenda mbali. Kufuta ni kazi ya kifutio, ni ya wino. Kutengua ni kwa yule mwenye uwezo: aliyemteua mtu anatengua uteuzi, mahakama ya juu inatengua hukumu ya mahakama ya chini. Kutangua na kubatilisha navyo ni vya ofisini, mahakamani na kwa viongozi wa dini. Ukitaka kujua kama jambo linarudi, usiulize tu «linarudi?» Uliza: ni nani mwenye uwezo wa kulitengua, na anapatikana wapi?

Tuchukue tarehe ya kuzaliwa. Siku uliyozaliwa haibadiliki hata uende kwa nani. Lakini tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ni wino, inaweza kuombewa masahihisho. Wakimbizi walioandikwa kwamba wamezaliwa tarehe 1 Januari ni wengi mno duniani, ungedhani mama zetu wote walikubaliana.

Au tuchukue wasichana wa shule. Hapa Tanzania kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba akiwa mwanafunzi wa shule ya serikali aliondolewa shuleni, na watu wakaamini mlango huo ukifungwa umefungwa. Wazazi walisema «ameshaharibu maisha», kama vile maisha ni yai. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ikatoa waraka unaoruhusu wasichana hao kurudi darasani baada ya kujifungua. Tazameni lilivyo jambo hili: kuzaa hakukutenduliwa, mtoto yupo na analia anataka kunyonya. Kilichotenguliwa ni amri ya watu. Miaka yote ile vitu viwili vilikuwa vimefungwa fundo moja, na waliumia wasichana ambao fundo lao lilikuwa linafunguka.

Kuhusu kuozesha, tuseme neno moja tu tuendelee. Kiswahili kina kuoza, kumpa binti mume, na kina kuoza, kama kuoza kwa embe. Sauti moja. Sheria ya Elimu ya Tanzania ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema anayemuoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Mzazi anayefikiria mahari afikirie na hiyo miaka.

MANENO YA NYUMBANI

Ndani ya nyumba zetu pia yamo maneno ya namna hii. Waislamu wana mpangilio ambao sisi tunauona una busara ya lugha. Kuna talaka rejea, na jina lenyewe linakuambia: mume akiitamka, anaweza kumrejea mke wake kabla eda haijaisha. Ikitamkwa ya pili, bado kuna kurejea. Lakini ya tatu haina kurejea. Hamrudi mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, na hiyo nayo iishe. Yaani mtu amepewa mikia miwili, ya tatu imekatwa. Ndiyo maana masheikh wanawakataza wanaume kuitupa talaka kwa hasira kama mtu anayetupa jiwe. Kanisa Katoliki nalo halina talaka kabisa. Linachoweza kufanya mahakama yake ni kutamka kwamba ndoa ile haikuwa ndoa tangu siku ya kwanza. Na kwa sheria ya nchi hii, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa inavunjwa na mahakama, siyo na kelele za usiku.

Tuseme na yale maneno madogo ambayo hayaendi mahakamani. «Wewe si mtoto wangu.» «Ungebaki kulekule.» Mzazi amechoka, mgao umepungua, mtoto amepoteza sahani, neno linatoka. Kesho yake mzazi amesahau. Sisi walimu ndio tunakaa na yule mtoto. Tunamwona anaandika polepole, anaulizwa hajibu. Kusema ni miongoni mwa vitenzi vile kumi na tano tulivyoandika ubaoni, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeweza kukipatia mkia. Kuna kuomba radhi, kuna kusamehe, na haya ni makubwa, tunayaheshimu. Lakini ni vitendo vipya vinavyojengwa juu ya kile cha zamani. Hewa haiwezi kurudisha neno kinywani.

KARATASI

Tulisema mwanzoni tutafika kwenye karatasi. Tumefika, na hapa tunaomba msome polepole au msomewe.

Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa na Tanzania makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakazaa, wakazeeka huko. Mwaka 2007 walihesabiwa, wakakutwa ni watu karibu 218,000, na kila mmoja akaulizwa: unataka kurudi Burundi au unataka kuwa raia wa Tanzania? Karibu wanne kati ya kila watano walisema wanabaki. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa maombi yao. Lilikuwa jambo kubwa, ambalo nchi nyingi hazijawahi kulifanya, na tunalitaja kwa shukrani.

Lakini tazameni neno lililokuwa ndani yake. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo anayeomba wa huku anatakiwa kuukana wa kule. Kukana. Ni neno fupi. Watu walilisema, kisha wakasubiri. Cheti hakikutoka mwaka huo wala mwaka uliofuata, kwa sababu mpango ulisema kwanza wahame makazi yale na kutawanyika mikoa mingine, na mpango huo ukakwama. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa miaka ile minne katikati, mtu alikuwa ameshasema neno la kuachia tawi la zamani na mkono wake ulikuwa bado haujashika tawi jipya. Kwa bahati wengi wao walifika. Ila mtu aliyepita katika miaka hiyo ukimuuliza maana ya neno kukana hatakueleza kama kamusi.

Neno jingine ni hiari. Mnaliona kila mahali: kurejea kwa hiari. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unasema kurejea lazima kuwe kwa hiari, na kwamba mkimbizi asirudishwe bila kutaka mwenyewe. Unasema pia kwamba anayerejea asiadhibiwe kwa kosa la kuwa alikimbia. Huo ndio ulinzi wako. Lakini mkataba mwingine, ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, una upande wa pili ambao watu hawausomewi mara nyingi: ukijirudisha kwa hiari yako chini ya ulinzi wa nchi uliyoikimbia, au ukirudi kukaa huko, au ukipata uraia mpya wa nchi inayokulinda, ule ukimbizi wako unakoma. Neno ni kukoma. Haliko kama mlango uliofungwa unaousukuma tena. Ukilazimika kukimbia upya unaomba upya, unahojiwa upya, kama mtu aliyefika jana.

Hatusemi haya ili kumtisha anayetaka kurudi nyumbani. Nyumbani ni nyumbani, na wapo waliorudi wakalima na wanatuma salamu. Wala hatusemi ili kumtia moyo wa kubaki. Hiyo siyo kazi ya walimu. Kazi yetu ni maneno.

Katika darasa la jioni la watu wazima tunaye mama mmoja, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, ambaye alianza kusoma mwaka jana na sasa anaandika jina lake na majina ya watoto wake wote sita. Kijana wake mkubwa alikuwa amekwenda kuuliza habari ya kujiandikisha kurudi, peke yake, mama na wadogo wabaki. Mama alikaa na jambo hilo wiki nzima. Siku tuliyofundisha kauli ya kutendua alinyosha mkono akasema, kwa Kiswahili cha kwetu: «Mwalimu, akisha kuweka kidole, kuko namna ya kukitosha?»

Mtanzania mmoja aliyekuwepo akadhani anauliza kama kidole kinatosha, yaani kimoja ni cha kutosha au viwekwe viwili. Kwetu kutosha ni kutoa. Tulifafanua, watu wakacheka, mama naye akacheka, kisha akauliza tena bila kucheka. Akataka kujua: kusaini ni kama kufunga, au ni kama kumwaga?

Ndugu wasomaji, hatujawahi kuulizwa swali la sarufi lililo bora kuliko hilo. Na jibu lake hatukuwa nalo, kwa kuwa haliko kwenye kitabu cha sarufi. Kesho yake tulikwenda naye kwenye dawati la ulinzi, sisi wawili na yeye na yule kijana. Tulikuwa tumeandika maswali kwenye daftari lake, yeye ndiye aliyaandika, herufi kubwa kubwa. Akisaini leo akabadili mawazo kesho, inakuwaje? Jina lake likiondolewa kwenye kadi ya mgao ya familia, kadi yetu sisi wengine inabaki ilivyo? Akifika huko akakuta hapakaliki, anarudi kwenye kadi hii au anaanza mwanzo? Karatasi imeandikwa kwa lugha gani, na nani atatusomea?

Afisa alijibu yote, moja moja, kwa heshima. Kijana aliambiwa kwamba kabla ya kuondoka anaweza kughairi, na hakuna wa kumlaumu. Akishaondoka na kufika, jina lake halitarudi kwenye kadi kwa kufunguliwa mlango. Itakuwa ni ombi jipya. Mama alirudia kwa maneno yake: «Kwa hiyo mpaka kwenye gari ni kufunga. Kuvuka mpaka ni kumwaga.» Afisa akafikiri kidogo, akasema ndiyo, ni hivyo. Kijana hakusaini siku hiyo. Alisema atakwenda kuongea kwanza na wenzake waliorudi mwezi uliopita, akipata simu. Mpaka tunaandika ukurasa huu bado hajaamua, na hilo ni la kwake.

Tumeyaacha yale maswali manne ubaoni katika darasa la jioni. Anayetaka kuyanakili aje na kalamu, chaki tunayo sisi. Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, baada ya watoto kutoka. Mnaosema Kibembe, Kifuliiru, Mashi, Kirundi na nyinginezo, mje kila mmoja na maneno mawili ya lugha yenu, moja lenye mkia wa kutendua na moja lisilo nao. Tunataka kuyapanga kwenye karatasi kubwa tuibandike ukutani. Mzee mmoja Mfuliiru ametuahidi maneno ishirini. Sharti lake ni kwamba tumtafutie mtu wa kuyaandika, maana miwani yake ilikaliwa na mjukuu, na hiyo nayo, anasema, haina kukaliuliwa.